Kabati la Treni za Bati

Dada yangu hakuwahi kushika msumeno mpaka mwaka ule mumewe alipoacha kumjua. Watu wanaoliona lile kabati ukutani hulisifu kwanza, kisha huuliza ni la fundi gani, na wakiambiwa ni yeye, mwanamke wa cherehani, hucheka wakidhani ni utani. Si utani. Mimi nauza bawaba, misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, kila skrubu ya kabati lile ilipita mkononi mwangu, na nasema bila upendeleo kwamba kazi ni safi. Ingekuwa mbovu, labda nisingekuwa na hasira nayo kiasi hiki.

Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa dereva wa treni. Aliendesha njia moja maisha yake yote ya kazi, mpaka njia yenyewe ilipofungwa na stesheni ikageuzwa ghala la saruji. Akarudi nyumbani na kofia, filimbi, na tabia za kazini ambazo hakuna aliyeweza kumvua. Alitazama saa kabla ya kula. Akifunga mlango, aliusukuma tena kuhakikisha. Na hakugusa kitu cha mtu. Niliwahi kusahau mwavuli wangu kwao, mvua ikapiga siku kadhaa, naye akawa anakwenda sokoni na kurudi amelowa chapachapa, mwavuli wangu unaning'inia nyuma ya mlango. Nilipomcheka akanijibu kwa sauti ya kazini kabisa, "Mizigo, kilichosahauliwa kina mwenyewe."

Mizigo ni mimi. Dada ni Abiria. Majina hayo alitupa siku moja, na hakutuita majina mengine tena. Dada alikuwa msichana aliyetoka kujifunza ushonaji, anarudi nyumbani na furushi la vitambaa, na mimi mtoto wa kufuatana naye kila aendako. Tulikaa karibu na dirisha lililokataa kufunga. Vumbi likatupiga, usingizi ukatuchukua, kituo chetu kikapita. Treni ilipofika mwisho wa njia, kijana mmoja msaidizi wa dereva alipita kukagua mabehewa, akamgonga dada begani kwa kidole.

"Abiria, amka. Tumefika mwisho."

Dada, ambaye akiona aibu huwa mkali, akamrukia. "Mwisho wa nini? Nani kakutuma utulete huku?"

Kijana akacheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha akaniona mimi nimelala juu ya furushi. "Na hiki ni nini? Mtoto au mizigo?"

Alitupa chai ya chupa yake, akatupandisha treni ya kurudi, na wiki iliyofuata dada akawa na safari za kituo kile ambazo hakuna aliyezielewa nyumbani. Mengine mnayajua wenyewe.

Alipostaafu kwa lazima ndipo alipoanza kutengeneza treni. Alikata makopo ya maziwa ya unga na madebe ya rangi niliyomwekea dukani. Vyuma vya miavuli iliyokufa vikawa reli, spoku za baiskeli zikawa ekseli, na bobini za cherehani ya dada zikawa magurudumu. Hili la bobini lilileta vita. Dada angeketi kushona, mteja anasubiri suruali yake, na bobini hakuna hata ya dawa. "Mheshimiwa dereva," angeita kutoka chumbani, "treni yako imebeba kazi yangu." Na yeye, ambaye hakugusa kitu cha mtu, alijibu kwamba mke si mtu. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kila treni aliyoitengeneza ilikuwa ni ile aliyoijua kazini. Kulikuwa na injini nzito iitwayo Kobe, iliyokuwa ikipanga mabehewa stesheni. Kulikuwa na Mlevi, behewa la mizigo lililoyumba kwenye kila kona, naye aliliwekea ekseli iliyopinda makusudi ili liyumbe vilevile. Na kulikuwa na behewa moja la abiria, la rangi ya udongo, ambalo madirisha yake yote yalifungwa kwa risasi ya kulehemu isipokuwa moja. Hilo lilining'inia kwa waya mwembamba. Ukilisukuma juu linaanguka. Ukilisukuma tena linaanguka tena. Sina haja ya kueleza ni dirisha gani.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza kwa vitu vidogo. Alipoteza siku za wiki. Akapoteza njia ya sokoni. Siku moja nilifika kwao na mkate mkononi, akanifungulia mlango kwa heshima zote, akasema, "Karibu, mama, ila wenyewe wametoka." Nikamwambia, "Shemeji, ni mimi, Mizigo." Akatazama nyuma yangu kuona mizigo iko wapi. Nilicheka pale mlangoni, kisha nikaingia jikoni nikalia huku bomba limefunguliwa ili dada asisikie.

Daktari, mwanamke mpole asiyependa kudanganya, alitueleza kwamba ugonjwa ule unakwenda mbele tu, haurudi. Majirani walikuwa na maneno matamu zaidi. Subira huvuta heri, walimwambia dada. Dada akaivuta subira mpaka mikono ikachoka, na heri hakuiona hata kivuli. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na maisha yake, wakipiga simu baba anaitikia kwa adabu na kuuliza anaongea na ofisi gani.

Halafu akampoteza dada. Alianza kumwita mama, kama unavyomwita mwanamke yeyote uliyekaa naye kwenye benchi. Siku nyingine alimwita nesi. Alimshukuru kwa kila kitu, kwa sahani, kwa shuka, kwa kumfunga vifungo, na shukrani zile zilimuumiza dada kuliko matusi. "Huyu mtu hajawahi kuniambia asante tangu anioe," alisema. "Sasa ananiambia asante kutwa nzima. Ananiaga, huyu."

Ila palibaki mlango mmoja. Dada aliugundua kwa bahati, siku alipokuwa anafuta vumbi kwenye zile treni na kumpa ashike moja ili meza iwe na nafasi. Ilikuwa lile behewa la abiria. Shemeji akafumba macho. Kidole gumba kikapita juu ya paa, kikashuka ubavuni, kikahesabu madirisha, kikafika pale penye waya. Akasukuma, likaanguka. Akasukuma, likaanguka. Na bila kufumbua macho akasema, "Abiria."

Tangu hapo ikawa ndiyo asubuhi yao. Kabla ya chai, kabla ya kunawa, dada alikaa ukingoni mwa kitanda na kumwekea lile behewa mikononi. Kidole kilikwenda safari yake. Jina likatoka. Siku nzuri aliongeza, "Tumefika mwisho," na dada alimjibu, "Nani kakutuma utulete huku?" na shemeji akacheka, si sana, lakini kicheko chake kile kile. Baada ya hapo angeweza kumwita mama mpaka jua lizame, dada hakujali. Alikwishaitwa.

Nilimwuliza anawezaje kuishi kwa neno moja kwa siku.

"Wako wanawake wenye waume wazima na hawapati hata hilo," akasema, na akanitazama kwa jicho ambalo nililielewa, kwa sababu nilikuwa na mume wa aina hiyo.

Tatizo lilikuwa mikono. Akili ilikuwa inakwisha lakini mikono ya mtu aliyevuta breki za treni maisha yake yote ilikuwa bado ni koleo. Alipokuwa ameshika, aliminya. Paa la behewa likabonyea. Bobini moja ikang'oka, kisha nyingine. Mlevi alikanyagwa kando ya kitanda na hakuyumba tena. Kobe alipoteza bomba lake la moshi. Bati lililopasuka likamchana shemeji kiganja, na dada akawa anampa behewa huku amemvika soksi mkononi, halafu akaona soksi inazuia, kidole hakisikii, jina halitoki, akaivua. Fundi bati wa jirani alilehemu dirisha upya, kazi nzuri tu, limenyooka na kukaza. Shemeji akalisukuma, likabaki juu. Akaliweka behewa kando. "Hili si letu," akasema. Ilibidi dada alilegeze tena kwa mkasi wa nyuzi.

"Kila siku anamega kidogo," aliniambia siku ile aliyokuja dukani kuniuliza bei ya plaiwudi. "Behewa likiisha, mimi ataniita nani?"

"Basi mpe mara moja kwa wiki."

"Wewe kula mara moja kwa wiki, tuone."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya kabati. Lingekuwa la vioo, la kuning'inizwa ukutani mbele ya kitanda, na treni zote zingepangwa ndani, behewa la abiria katikati. Macho ya mzee yalikuwa mazima. Angeamka, angeliona, angemwita, na bati lisingeguswa na mtu. "Usipoziba ufa, utajenga ukuta," akasema. Nilikubali. Nani asingekubali? Likasikika kama jambo la mtu mwenye akili timamu aliyekaa akafikiri.

Seremala wa mtaa wetu alisema kesho. Kesho yake akasema kesho. Dada si mtu wa kubembeleza, kwa hiyo alikuja dukani akachukua msumeno, msasa, gundi ya mbao na kopo la vanishi, akaniambia niwahi kufunga siku ya mapumziko nikamshikie mbao. Alisogeza cherehani, akatandaza plaiwudi juu ya meza ya kukatia nguo, akapima kwa futi yake ya shingoni na kuchora kwa chaki ya ushonaji. Kisha akakata. Alikata vizuri, taratibu, ulimi umetoka pembeni kama anavyofanya akikata kola. Tulipokuja kuunganisha, kila ubao ukawa umezidi pale ulipopaswa kukutana na mwenzake.

"Dada, hii nafasi ya ziada umeiacha ya nini?"

"Ya mshono."

"Ya mshono?"

"Kila kitu huachiwa nafasi ya mshono. Utapinda wapi?"

"Utapinda ubao?"

Akanitazama. Akautazama ubao. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye unga wa mbao na kushika mbavu, na mimi nikaanguka karibu naye, wanawake wawili wazima na mvi zetu. Kutoka chumbani shemeji akauliza kwa sauti, "Nani anacheka huko?"

"Ni Abiria," nikamjibu.

"Wa treni ya saa ngapi?"

Tukacheka zaidi. Niseme ukweli, sijamwona dada akicheka hivyo tena.

Alikata upya. Mara hii hakuacha nafasi ya kitu chochote. Alipiga msasa mpaka ukipitisha mkono husikii ubao, unasikia ngozi yako tu. Kwenye kila rafu alichimba mifereji miwili myembamba kwa patasi niliyomkopesha, akalaza humo vyuma vya miavuli, ili kila treni isimame juu ya reli yake. Nilimwambia hakuna haja, treni hazitakwenda popote. Akasema shemeji hawezi kuamka akaona treni imesimama juu ya mbao tupu, atadhani kuna ajali.

Lilipokauka vanishi akaja na jambo la bitana. "Koti bila bitana ni gunia," alisema. Alikuwa na mahameli nyeusi iliyobaki kwenye majoho ya mahafali aliyowahi kushona, nyeusi hasa, ya kumeza mwanga. Akaigandisha nyuma ya kabati yote, akaibana pembe kwa ustadi usioonekana. Kisha akapanga treni. Bati lililokuwa limechakaa, limebonyea, limekatika, juu ya weusi ule lilikuwa linang'aa kama vitu vya thamani. Behewa la abiria lilisimama katikati, dirisha lake limening'inia. Dada akasema, "Sasa."

Fundi vioo akaja na vioo viwili vya milango. Akavipachika, akavifuta kwa gazeti, akarudi nyuma kidogo kutazama kazi yake, kisha akasogea, akajikuna kidevu na kuchambua ndevu mbili tatu kwa kidole huku akijitazama. Tukamtania kwamba anajiandaa kwenda kuposa. Akaaga. Mimi niliyekuwa pale, na dada aliyekuwa pale, hatukufikiri kitu.

Majirani walikuja kuona. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini dada alisifiwa na hakulegeza lolote. Alikuwa bado anapitisha kitambaa kwenye pembe wageni wakiwa wanaaga. Tukalitundika ukutani mbele ya kitanda, wima, kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Dirisha la chumba liko upande wa kichwani. Asubuhi jua linaingia pale moja kwa moja na kumpiga mtu aliyelala usoni.

Nilifika mapema siku ya kwanza, kabla sijafungua duka. Nilitaka kuwepo. Dada alikuwa amevaa gauni la kutokea, na nikajifanya sijaliona. Alimkalisha shemeji, akamwekea mito mgongoni, akafungua pazia.

Shemeji akainua macho. Akatulia. Akatazama kwa muda mrefu, na uso wake ukakusanyika kama wa mtu anayekumbuka. Dada alinishika mkono akanibana.

Kisha shemeji akajiweka sawa, akashusha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mzee."

Hatukuelewa. Dada akasema, "Ziangalie treni zako. Ziko pale."

"Naziona," akanong'ona shemeji. "Ni za huyu mzee. Ana treni nzuri."

Nikaenda nikakaa kitandani kwake, nikainamisha kichwa mpaka kikawa kimo cha kichwa chake, nikatazama anapotazama. Mbele yangu alikaa mzee mwenye mvi zilizosimama, kamezwa na mito, na nyuma yake dirisha linawaka. Treni zilikuwepo, ndiyo, lakini hafifu, huko ndani nyuma ya kifua chake. Ile mahameli nyeusi ilikuwa imekifanya kioo kirudishe kila kitu. Na mtu yule ambaye ndani ya kichwa chake alikuwa kijana mwenye kofia ya kazi, angejuaje kwamba yule ni yeye?

Dada alifungua milango ya kabati haraka, akalitoa lile behewa, akamwekea mikononi kama zamani. Shemeji hakulipokea. Alirudisha mikono nyuma.

"La, mama, mrudishie."

"Ni lako. Ulilitengeneza wewe."

"Lina mwenyewe. Ameketi pale. Mrudishie kabla hajaniona nimelishika."

Dada akamshika mkono, akakifungua kiganja kwa nguvu, akaliweka behewa na kukifunga kiganja juu yake. Sikuwahi kumwona akimlazimisha mtu, si mtoto, si mteja. Shemeji alilia. Alilia kwa woga wa mtu aliyesingiziwa wizi, akisema yeye ni mtumishi wa miaka mingi na hajawahi kuchukua hata kamba ya abiria. Kidole gumba hakikwenda popote.

Siku iliyofuata dada alikifunika kioo kwa shuka. Shemeji akatembea kwa ncha za vidole chumba kizima na kutuwekea kidole mdomoni: mzee amelala, tusimwamshe. Behewa akalikataa. Dada akaomba bisibisi dukani kwangu, akaing'oa milango yenyewe, vioo vikaegemezwa chini ya ngazi. Sasa hapakuwa na mzee. Palikuwa na treni na mahameli tu. Shemeji alizitazama kwa masikitiko.

"Mwenyewe ameondoka," akasema. "Ameacha vitu vyake."

"Basi zichukue wewe, shemeji," nikamwambia. "Amekuachia."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwizi. "Kilichosahauliwa kina mwenyewe. Pelekeni ofisini kwa mkuu wa stesheni."

Nilijua hapo kwamba tumekwisha. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea mke, watoto, nyumba na jina lake mwenyewe, lakini uaminifu wake wa kijinga, samahani, sina neno jingine, uaminifu ule ulibaki mzima kama chuma cha reli, na ndio uliofunga mlango wa mwisho. Dada alijaribu kila siku. Alijaribu asubuhi, alijaribu jioni, alijaribu akiwa amemfunga macho kwa kitambaa. Siku moja kidole kilitembea kidogo juu ya paa, kikafika kwenye lile dirisha, kikalisukuma. Likaanguka. Dada akasubiri. Shemeji akasema, "Limeharibika hili, mama. Lipeleke kwa fundi." Mikono nayo ilikuwa imesahau.

Unaambiwa penye nia pana njia. Naam, njia ilikuwepo, tena dada aliijenga kwa mikono yake na kuipiga msasa. Niulize mimi ilikwenda wapi. Watu wananiambia ingetokea tu, ugonjwa ni ule ule, daktari alisema unakwenda mbele tu, behewa lingekwisha kwa vyovyote. Inawezekana. Dada haambiwi hivyo mbele yangu, kwa sababu niliwahi kumwona mtu akimwambia, na uso wa dada siku ile siwezi kuusahau.

Miezi ikapita. Bila mzee wa kwenye kioo, shemeji akanyamaza kabisa. Alikaa, alikula akilishwa, alitazama ukuta. Ndipo dada, bila kunishauri, akairudisha milango. Nilipoingia na kuona vioo viko mahali pake nilikasirika, nikamwuliza kama anajitesa kwa makusudi.

"Anamsemesha yule," alisema. "Mimi hanisemeshi. Yule anamsemesha. Angalau nitasikia sauti yake."

Na kweli, alizungumza naye. Alimwamkia kila asubuhi, akamwuliza hali ya njia, akamlalamikia makaa mabovu. Akikohoa alimpa pole yule wa kwenye kioo. Dada alikaa upande mwingine wa chumba na cherehani yake, anashona, anasikiliza mumewe akizungumza na mwanamume mwingine.

Siku ninayoikumbuka, nilikuwa nimeleta dawa. Dada alikuwa amemaliza kumnyoa ndevu. Alichoka, akaketi kitandani karibu naye kupumua kidogo, taulo begani, bega lake limegusa la mumewe. Pazia lilikuwa wazi. Shemeji akainua macho kwenye kioo kama kawaida, akataka kuamkia, akasita. Akatazama sana. Kisha akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku za behewa.

"Yule mzee ana bahati," akasema.

Dada hakugeuka. "Kwa nini?"

"Huoni? Mkewe yuko naye. Amekaa naye hapo hapo, hamwachi." Akatikisa kichwa. "Mimi wangu sijui alishuka kituo gani. Abiria. Nilikuwa namwita Abiria."

Niliweka dawa mezani polepole. Dada alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo, wazee wawili bega kwa bega na treni nyuma yao.

"Labda hajashuka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya moyoni anayajua mwenyewe. "Labda kalala tu dirishani. Kapitiwa na usingizi."

Shemeji akalifikiria hilo, kwa uzito, kama jambo la kazi. Kisha akamgeukia, akamtazama usoni kwa karibu, na akamwomba kwa heshima ya mtu anayemwomba mgeni msaada.

"Basi ukimwona, mama, nakuomba umwamshe. Mwambie tumefika mwisho."

"Nitamwambia," akasema dada. Akamfuta povu lililobaki chini ya sikio, akakunja taulo, akaenda kumwaga maji.